Barua ya wazi kwa uongozi wa hospitali yetu: Sifuri zilizojaa kwenye kadi za presha

Tanga,
17 Mei.

Kwa Mganga Mfawidhi,
Muuguzi Mfawidhi,
na Wajumbe wa Kamati ya Usimamizi wa Hospitali.

Waheshimiwa,

YAH: HUDUMA YA UUGUZI KWA WAGONJWA WA PRESHA NA MOYO

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari tajwa hapo juu.

Ninayewaandikia ni muuguzi mstaafu. Sasa ni mgonjwa wa presha katika kliniki yenu ya Jumanne, mwenye kadi kama wenzangu wa benchi. Jina langu na namba ya faili mnavyo, kwa kuwa vimo katika barua nilizowaletea kabla ya hii. Moja niliitia kwenye sanduku la maoni lililo kando ya dirisha la dawa, lile ambalo kufuli lake limeshika kutu. Nyingine niliikabidhi kwa mkono ofisini, ikagongwa mhuri wa kupokelewa. Nikaja pia kuonana na msimamizi ana kwa ana. Alinisikiliza kwa adabu zote, akaniambia, "Mama, tumelichukua, tunalifanyia kazi." Tangu hapo kliniki inaendeshwa vilevile. Ndiyo maana leo naandika hadharani.

Jina la hospitali silitaji, kwa makusudi. Nyinyi mwajijua. Na sina haja ya kumwanika binti wa zamu, ambaye ndiye ataitwa kujieleza ilhali aliyempangia kazi yumo ofisini na feni linazunguka. Barua hii ni ya wanaopanga.

Tarehe 12 mwezi huu ilikuwa Siku ya Wauguzi Duniani. Hotuba zilitolewa na keki ikakatwa. Leo ni Siku ya Presha Duniani, na watu watahimizwa kupima. Kupima ni jambo jema. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2024 watu wazima bilioni 1.4 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na presha ya kupanda, na asilimia 44 yao hawakujijua. Lakini mimi leo siwasemei wasiojijua. Nawasemea wanaojijua: walioandikishwa, wenye kadi, wanaoamka alfajiri kuja kwenu, kisha wanarudi nyumbani na namba isiyo ya kweli.

Hapo ndipo palipo na lalamiko langu lote. Kwa mgonjwa wa presha na wa moyo, anachokipima muuguzi na kukiandika ndicho kinachoamua dawa. Daktari wa kliniki ana dakika chache kwa kila mtu. Anatupia jicho kadi, anaandika. Kadi ikisema uongo, na dawa nayo inaufuata uongo huo hadi tumboni mwa mgonjwa.

1. Presha inapimwa ovyo, kisha inaandikwa kwa kukadiria

Njooni mkae nasi Jumanne moja asubuhi. Watu wametoka Pongwe, Amboni, Tongoni, wengine kwa daladala ya kwanza, wengine wamebebwa kwenye baiskeli na wajukuu. Wako kwenye benchi lisilo na egemeo tangu saa 12. Ikifika saa 3 mlango unafunguliwa, jina linaitwa. Bibi wa watu anainuka, anashika ukuta, anavuka ukumbi mzima, anapanda vile vidaraja viwili vya kuingilia chumbani, na kabla pumzi haijamrudi anakalishwa kwenye stuli ndefu, miguu inaning'inia. Mkono kaulaza pajani. Mkanda wa mashine unafungwa juu ya mkono wa baibui. Mashine ikiwa inavuma, muuguzi anauliza: "Bibi, unakaa wapi? Dawa umemeza leo? Namba ya simu ya mtu wa karibu?" Na bibi, kwa kuwa kalelewa, anajibu yote na kuongeza habari za mjukuu aliyeko Dar. Mashine inalia. Namba inaandikwa. "Anayefuata!"

Katika yote hayo hakuna hata hatua moja iliyokwenda kama inavyofundishwa chuoni. Mgonjwa atulie dakika 5. Mgongo uegemee, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, miguu isipishane. Mkono uwe wazi na uegemezwe juu ya meza, usawa wa moyo. Awe ameshakwenda haja ndogo. Asiseme, na anayempima naye asimsemeshe. Kisha apimwe mara mbili, zikipita dakika moja au mbili kati ya kipimo na kipimo. Wauguzi wenu wanayajua haya, na wangeulizwa kwenye mtihani wangeyaandika bila kufikiri. Ila chumba mlichowapa, viti mlivyowapa na kasi mnayoitaka haviwaachii nafasi ya kuyafanya.

Kila kosa hapo lina gharama yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha mwaka 2024 matokeo ya kupima watu walewale kwa mikao tofauti: mkono ukiwa pajani, namba ya juu ilipanda kwa wastani wa 3.9, ukining'inia pembeni, 6.5. Mwaka mmoja kabla yake walikuwa wamepima suala la mkanda. Mtu anayehitaji mkanda mkubwa akifungwa wa kawaida, namba ya juu inazidi kwa 4.8, anayehitaji ule mkubwa kabisa, inazidi kwa 19.5. Na mwembamba akifungwa mkanda mpana kuliko mkono wake, inashuka chini ya ukweli. Kliniki yenu ina mkanda mmoja tu, wa saizi ya kati, ambao ukingo wake wa kunata umechoka na sasa unashikiliwa kwa plasta. Kwa mkanda huohuo anapimwa mama wa Ngamiani mwenye mkono ulionona na mvuvi wa Sahare aliyekauka kama ukuni. Mwenye 134 anaweza kutoka humo na 160, akaongezewa kidonge. Mwenye presha ya kweli anaweza kutoka akiwa ameambiwa hongera.

Na bado hatujafika kwenye sifuri.

Fungueni kadi yoyote ya kliniki ya Jumanne. Yangu inasema 150/90, 140/90, 160/100, 150/90, 150/100. Ya jirani yangu wa kushoto vilevile, na ya kulia vilevile. Mashine ya kidijitali haina mapenzi na sifuri. Yenyewe hutoa 137, 143, 151, chochote ilichokipata. Namba ya mwisho ingetawanyika kuanzia sifuri hadi tisa. Kadi za kliniki nzima zikiishia kwenye sifuri, maana yake ni moja kati ya mbili: ama mashine ina siku zake za kugoma na mtu anakisia, ama anaona 137 anaandika 140 ili mambo yaende. Mtasema tofauti ya tatu ni kitu gani? Ndugu zangu, 140 kwa 90 ndio mpaka wenyewe wa kumwita mtu mgonjwa wa presha. Ukikadiria mpakani unamvusha mtu ng'ambo asiyostahili kuwa. Haya niliyaeleza katika barua ya kwanza na nikaambatisha nakala ya kadi. Hakuna aliyenirudia hata kwa swali.

Yanayofuata baada ya hapo mnayajua, au mngetakiwa kuyajua. Kuna mzee tunakaa naye benchi moja, aliyekuwa mvuvi enzi za nguvu zake. Kwa namba za namna hiyo aliongezwa dawa, akaongezwa tena. Akaanza kuona kiza kila anapoinuka. Usiku mmoja akaanguka akienda chooni. Sasa mkewe anavikata vidonge vya amlodipini kwa wembe, nusu asubuhi, nusu anaitupa, kwa shauri lake mwenyewe. Kliniki haina habari. Mzee akiulizwa anasema anameza vyote, maana hataki kugombezwa mbele za watu. Mtu wa umri ule alitakiwa apimwe ameketi, kisha asimame, apimwe tena ikipita dakika 1 na ikipita dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, daktari aambiwe kabla hajashika kalamu. Kipimo hiki hakitaki mashine mpya. Kinataka mtu wa kusema, "Babu, hebu simama kidogo."

2. Mgonjwa wa moyo wodini hapimwi uzito, na mkojo wake haupimwi

Moyo ukishindwa kusukuma damu inavyotakiwa, maji yanarudi nyuma. Yanajaa miguuni, tumboni, na mwisho mapafuni, mgonjwa akilala chali anahisi kama anazama. Akilazwa, kubwa anachopewa ni dawa ya kutoa maji. Sasa utajuaje kwamba maji yanatoka? Lita moja ya maji ni kilo moja. Mzani ndio unaosema kweli: kila asubuhi, akishakojoa, kabla ya chai, na nguo zilezile, kwenye mzani uleule. Akiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hiyo ni hatari, hata kama mwenyewe anacheka.

Nilikaa wodini kwenu nikimuuguza shemeji yangu. Mzani haukuwepo, tuliambiwa umeazimwa na kliniki ya wajawazito. Chati ya maji ilikuwepo, imening'inia miguuni pa kitanda. Safu ya maji yanayoingia iliandikwa: "Anakunywa." Safu ya yanayotoka: "Amekojoa vizuri." Vizuri ni mililita ngapi? Daktari wa raundi alisimama mbele ya karatasi ile, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi, akairudisha. Mkojo wenyewe tulikuwa tukiumwaga sisi ndugu, kwa kuwa hapana aliyetuambia tuupime kwanza. Kitanda cha pili alikuwapo mtoto wa darasa la saba anayemletea babu yake uji asubuhi na jioni. Mngempa jagi la plastiki lenye mistari na kalamu, chati ya babu yake ingekuwa bora kuliko zote wodini.

Halafu kuna saa ya dawa. Siku moja raundi ilichelewa, dawa ikachelewa kuandikwa, ikachelewa kuchukuliwa stoo, na sindano ya furosemidi ikachomwa saa 2 usiku. Dawa ya kukojoza, saa 2 usiku! Usiku kucha mzee anashuka kitandani na kupanda, anapapasa ukuta kwenda choo cha mwisho wa korido ambacho taa yake imeungua. Alfajiri yuko hoi. Raundi ikaja, ikaandika: "Bado dhaifu." Angekuwa na nguvu za wapi? Muuguzi mwenye mamlaka ya kusema angesema, hii isichomwe sasa bila kumuuliza daktari, na kama lazima ichomwe, basi chombo cha mkojo kiwekwe kando ya kitanda.

Vitanda vya kuinua kichwa mnavyo, ila mipini ya kuinulia imeng'oka. Wagonjwa wanaegemezwa kwa mito ya nyumbani na kanga zilizofungwa furushi. Kwa mgonjwa huyu kuinuliwa kichwa ni tiba kama tiba nyingine, na fundi wa kuchomelea yuko ng'ambo ya barabara.

Na wanaomeza digoksini, dawa ya moyo: mapigo yahesabiwe dakika nzima kabla ya kila dozi, yakiwa chini ya 60 dawa isitolewe hadi daktari aulizwe. Nilichokiona ni vidonge vinavyogawiwa kwenye vifuniko, kitanda hadi kitanda, bila mkono wa mtu kushikwa.

3. Usiku

Kwenye chati za usiku, kipimo cha saa 6 na cha saa 12 alfajiri vinaandikwa kwa mwandiko mmoja, wino mmoja, mkao mmoja wa kalamu. Sitasema zaidi. Aliyewahi kufanya zamu ya usiku peke yake na wodi imejaa anaelewa kinachotokea, na anaelewa pia ni nani wa kulaumiwa. Ninachokidai hapa ni makabidhiano. Zamu inapobadilishwa, wauguzi wawili wapite kitanda kwa kitanda, si kusomeana daftari mezani. Mgonjwa wa moyo aliyebadilika tangu jioni utamjua kwa kumtazama anavyovuta pumzi.

4. Elimu mnayoitoa haimfikii mtu wa Tanga

Kila Jumanne kuna mawaidha ya dakika kumi. "Punguzeni chumvi, punguzeni mafuta, fanyeni mazoezi, acheni mawazo." Tumeyasikia hadi tumeyahifadhi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa, kwa vyakula vyote. Mtu wa hapa atakipimaje ilhali chumvi yake haiko kwenye kopo tu? Iko kwenye ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi, kwenye papa mkavu, kwenye achari, kwenye viungo vya pakiti vinavyomwagwa kwenye kila mchuzi siku hizi. Sijasikia hata mara moja ng'onda akitajwa kwenye benchi lile. Mama wa Makorora anaondoka akijua asitie chumvi mezani, anakwenda nyumbani kupika ng'onda kwa nazi, na moyoni ana amani kabisa. Mwambieni amloweke, amwage maji, amloweke tena, na asimle kila siku. Hilo atalishika.

Kisha Ramadhani. Mji huu unafunga. Kila mwaka wagonjwa wanapanga dawa kwa akili zao: wanaotakiwa kumeza mara mbili wanameza zote wakati wa futari, wenye dawa ya maji wanaiacha mwezi mzima kwa sababu ya kiu, na wapo wa moyo ambao hawakupaswa kufunga kabisa lakini hapana aliyewaeleza. Kidonge cha mara moja kwa siku kinaweza kuhamishiwa futari au daku bila tabu. Vingine vinahitaji daktari avipange upya. Maongezi hayo yanatakiwa yafanyike mwezi wa Shaaban, benchi likiwa limejaa, na imamu wa mtaa akialikwa. Kinachofanyika sasa ni kuwagombeza watu baada ya Idi.

Na hili la kugombeza. "Wewe mama humezi dawa!" linasemwa kwa sauti, ukumbi mzima unageuka. Swali la kwa nini hamezi haliulizwi. Wanaotumia enalapili wapo wanaokohoa kikohozi kikavu usiku na mchana. Wanakwenda kununua dawa ya kifua kwa kuwa hawajui kuwa ni hiyohiyo ya presha inayowakohoza, na kwamba ipo losatani ya kubadilishia. Wa amlodipini wanavimba vifundo vya miguu, wanadhani figo zimekufa. Wanawake wanaiacha ya kukojoza siku ya shughuli, maana atakaaje ukumbini na vyoo vya shughuli mnavijua. Na wanaume lao wanalo, hawalisemi mbele ya binti wa umri wa mwanao. Wanaacha dawa kimyakimya. Yote hayo yangetoka kwa swali moja la faraghani, kwenye chumba chenye mlango.

5. Watoto wa sindano na watu wa vali

Fupi tu. Watoto ambao moyo wao uliharibiwa na homa ya baridi yabisi wanatakiwa wachomwe penisilini ya muda mrefu kila baada ya wiki 3 hadi 4, miaka na miaka, ili vali, yaani milango ya moyo, zisiendelee kuharibika. Kwenu wanapanga foleni moja na sisi wazee, wanakosa shule, na siku yao ikiangukia sikukuu wanaambiwa waje mwezi ujao. Na waliorudi kutoka Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete wakiwa na vali ya bandia na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, wanarudi na karatasi ya maelekezo inayosema wapimwe kasi ya damu kuganda mara kwa mara. Karatasi inawekwa ndani ya faili, faili linawekwa kabatini. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 350. Haiwezekani kila jambo dogo mtu arudishwe huko.

La dawa kukosekana sitaligusa. Lina wenyewe wanaolisema, na si la wauguzi.

MAJIBU NINAYOYATARAJIA

Mtasema wauguzi ni wachache. Ni kweli, na ningekuwa na nafasi ningeandika barua nyingine kuwatetea. Lakini tazameni hesabu ya kliniki. Mgonjwa ameshakaa kwenye benchi saa tatu. Zile dakika 5 za kutulia amezitimiza mara thelathini na ushei. Mnachokifanya ni kumwinua, mkamtembeza, mkampandisha ngazi, ndipo mkampima. Mashine ina magurudumu. Ipelekeni lilipo benchi. Wekeni viti vichache vya kuegemea na meza, watu wahamie hapo kwa zamu wakisubiri, maswali ya jina na mtaa yaulizwe kabla ya kufunga mkanda. Hapo hamkuongeza muuguzi hata mmoja. Na kama kipimo cha kwanza kinampata mtu chini kabisa au juu kabisa, cha pili kinaweza kufanywa na muuguzi mwenyewe chumbani.

Mtasema bajeti. Naomba mikanda ya saizi tatu, mzani mmoja usiohama wodini, majagi ya kupimia, balbu ya choo na kazi ya fundi wa kuchomelea. Ukumbi wenu umepakwa rangi upya juzijuzi kwa ajili ya mgeni, kwa hiyo fedha ndogondogo hupatikana zikitafutwa.

Mtasema wagonjwa hawafuati masharti. Wapo wasiofuata. Hata hivyo, mtu atayaaminije masharti ya mahali ambapo presha yake ni 160 kwa mkanda wa plasta, na duka la dawa la mtaani linamwambia 132? Wengi wameshaamua kuliamini duka.

Mtasema, na hili nimeshaambiwa, kwamba malalamiko yana utaratibu wake. Mkataba wa huduma kwa mteja mlioubandika mlangoni unasema nitajibiwa. Nimeufuata huo utaratibu hadi ukaniishia mkononi. Na tangu Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, watu wanaambiwa wajiandae kuchangia. Mchangiaji atauliza ananunua nini, na hana budi kuuliza kwa sauti.

NINACHOKIOMBA

a) Kuanzia mwezi ujao, kila presha ya kliniki ipimwe mgonjwa akiwa ameegemea, mkono juu ya meza na nguo imeondolewa, mara mbili, na namba iandikwe kama mashine ilivyoitoa. Muuguzi kiongozi achukue kadi ishirini kila mwisho wa mwezi ahesabu sifuri. Zikipungua, tutajua mambo yamebadilika.

b) Mikanda ya saizi tatu, na mashine zikaguliwe kwa tarehe inayobandikwa juu yake ili hata sisi tuisome.

c) Kila aliyevuka miaka 65, au anayelalamika kizunguzungu, apimwe pia akiwa amesimama.

d) Mzani wa wodi, na chati ya maji yenye namba. Ndugu wa mgonjwa wafundishwe kupima na kuandika siku ya kwanza ya kulazwa. Tuko pale usiku na mchana, tutumieni.

e) Dawa ya kutoa maji ichomwe asubuhi, isipokuwa daktari aandike vinginevyo na sababu.

f) Makabidhiano ya zamu yafanyike kando ya kitanda.

g) Mawaidha ya Jumanne yaandikwe upya na watu wanaokula vyakula vya hapa, na yawepo ya Shaaban kabla ya kila mfungo.

h) Siku ya watoto wa sindano itengwe, ikiwezekana Jumamosi, na wa warfarini wawe na daftari lao.

Naomba jibu la maandishi, libandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kliniki ambapo benchi lote litalisoma, kabla ya Siku ya Moyo Duniani, tarehe 29 Septemba. Muda huo unatosha kununua mkanda. Lipi mtaweza, lipi hamtaweza na kwa nini. Yote mawili ni majibu. Nisipoliona, nakala ya barua hii pamoja na nakala za kadi za wenzangu, ambao wameniruhusu, nitaipeleka kwa wanaowasimamia nyinyi.

Kuhusu mafunzo, kama mtahitaji mtu wa kukaa na wauguzi wapya asubuhi moja kuwaelekeza namna ya kumkalisha mgonjwa na kufunga mkanda, mimi niko tayari, bila posho wala nauli. Jumanne ijayo nitakuwepo kama kawaida, benchi la pili kutoka mlangoni, na nitavaa nguo ya mikono mifupi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mstaafu na mgonjwa wa kliniki ya Jumanne,
Makorora, Tanga.

Nakala: Ubao wa matangazo wa kliniki.